Mkono Juu ya Machimbo

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani mpaka saa sita, kisha machimboni na Faustin. Vumbi tena kwenye lenzi. Wachimba mawe waliliacha shimo hili zamani, likajaa maji. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anaruka kutoka ukingo wa juu. Mimi napiga picha kutoka ng'ambo. Sauti haifiki. Nikiinua mkono, anajua niko tayari, anaruka.

Leo mara tisa. Kuna hoteli huko pwani inatafuta watu wa kuruka miambani mbele ya wageni. Wanataka picha kabla ya mwisho wa mwezi. Faustin amechoka kulinda mageti ya watu. Namwelewa.

Jumatatu, 8 Septemba

Dukani kwangu Marshalltown, hapa Johannesburg. Asubuhi nzima picha za pasipoti. Mchana nikazikuza za jana, nikazilinganisha na za Juni. Ukutani mwa shimo kuna mstari mweupe ambao Juni haukuwepo. Maji yameshuka, zaidi ya kimo cha mtu. Mvua bado.

Sikupenda.

Jumatano, 10 Septemba

Nimempigia Faustin. Akacheka. "Shemeji, wewe piga picha. Maji niachie mie." Nikamwambia apime kwanza kwa kamba. "Sharp, sharp," akasema, yaani sawa sawa, kwa sauti ya mtu asiyesikiliza.

Nina hasira naye. Na bado nazitaka zile picha. Ni nzuri kuliko za arusi zote nilizowahi kupiga.

Jumamosi, 13 Septemba

Nadine, mke wa Faustin, amekuja nyumbani kwangu Turffontein kunisuka. Vidole vyepesi, maneno machache. Katikati ya kichwa akauliza, "Yaya," ndivyo anavyoniita, dada mkubwa, "kule anakoruka ni salama?"

Nikasema ni salama.

Kwa nini nilisema hivyo?

Jumapili, 14 Septemba

Naandika tu.

Jua lilikuwa kali, maji yanang'aa kama bati jipya. Sikuona kitu. Nikafunga kwenye lenzi kile kioo cha kukata mng'ao. Maji yakafunguka. Chini, hatua moja tu kutoka pale anapoangukia, vyuma vimesimama. Mtambo wa zamani. Karibu kabisa na uso wa maji. Yeye kutoka kule asingeviona.

Nilipiga kelele. Nikainua mkono kumzuia.

Akaruka.

Wanaume wawili waliokuwa wakiogelea walimtoa. Alikuwa hai. Alikuwa akiita jina la mama yake.

Jumanne, 16 Septemba

Hospitali. Uti wa mgongo. Miguu haisikii kitu. Daktari hakutaka kusema kama itasikia tena.

Faustin amemwambia Nadine kwamba aliteleza. Alisema hivyo akiniangalia mimi. Nami nikanyamaza. Eish. Nilinyamaza.

Ijumaa, 19 Septemba

Sikufungua duka. Siwezi kuishika kamera.

Jumapili, 28 Septemba

Sikwenda kanisani. Nilikwenda hospitali.

Faustin alikuwa amelala. Nadine anamwosha miguu kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Nikasimama upande wa pili wa kitanda, nikamwambia yote. Ule mstari. Vile vyuma. Mkono wangu. Hata lile neno, salama.

Hakuniangalia. Alisuuza kitambaa, akakikamua, akapitisha katikati ya vidole, kimoja kimoja. Akakausha. Akafunika mguu kwa shuka.

Kisha akaninyooshea kitambaa.

"Yaya, ule mwingine bado."

Nikauosha.