Sufuria ya Makopo ya Harusi

Kalemie, 4 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za siku nyingi, habari za macho, habari za mgongo? Sisi huku ni wazima: mimi, mume wangu Aimé na mtoto wetu Shalom. Najua ni miaka sita hujapata barua yangu, na pengine unataka kuirudisha bila kuisoma. Isome kwanza, halafu ukasirike.

Shangazi Domitille ameniambia kwenye simu kwamba macho yako yamechoka, na kwamba mvua zikiisha utazima tanuri. Nililia, baba. Nimekulia mbele ya tanuri hilo. Nakumbuka mimi na dada Josée tukikanyaga makopo ya soda kwa visigino, nawe ukituuliza kila mara, "Mumetikisa? Iko maji ndani?" Maana tone moja likiingia kwenye alumini iliyoyeyuka linarusha moto, na kovu la kutuonyesha unalo. Nakumbuka mchanga wa mto tuliokuwa tukikuchekechea, na sufuria ikitoka ndani yake, nyeupe, bado ina joto.

Tena naikumbuka desturi yako. Binti wa ukoo wetu akiolewa, makopo yote yaliyonywewa na wageni yanakusanywa, nawe unayayeyusha na kummiminia bibi harusi sufuria yake ya kwanza. Josée anayo. Mabinti wa shangazi wanazo. Mimi peke yangu sina, kwa sababu nilimfuata Aimé, mtu wa mashua, huku bila baraka yako.

Makopo ya harusi yangu niliyatunza. Nimempa baharia André gunia zima akuletee. Nakuomba, kabla moto haujazimika, unimiminie na mimi.

Binti yako mkosaji,
Alliance

---

Uvira, Mulongwe, 20 Februari 2024

Alliance,

Salamu. Mimi ni mzima, isipokuwa macho, na mgongo, na majirani. Wewe je? Na mtoto? Jina lake ni zuri.

Gunia limefika. Nimelifungua.

Huku mvua ni nyingi. Mfereji wa mtaa wetu umeziba kwa makopo na mifuko, na maji yameingia katika nyumba mbili. Zamani, unakumbuka, hata kopo moja halikulala njiani, watoto wa Mulongwe nzima walikuwa wakiniletea. Siku hizi mtu anakunywa, anatupa, halafu anashangaa maji yakimfuata kitandani. Nimemwambia jirani yangu Placide, akanijibu, "Mzee, weye ndo iko na kazi ya makopo, si minye." Nilimwacha, maana nilikuwa karibu kumtukana.

Nina swali moja tu. Kwenye harusi yako mlikuwa watu wangapi?

Baba yako,
Sévère

---

Kalemie, 9 Machi 2024

Baba yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa mvua. Macho yanaendeleaje? Shalom anakohoa kidogo, lakini anakula vizuri.

Watu walikuwa wengi, baba. Walijaa uani, wakanywa mpaka vinywaji vikaisha.

Nikupe habari ya kukufurahisha. Shuleni ninapofundisha alikuja mgeni kutuzungumzia mazingira. Alisema alumini mpya inatolewa katika udongo mwekundu, vilima vinachimbwa na miti inakatwa, na kwamba moto unaohitajika kupata alumini ya kopo moja kutoka udongoni unatosha kuyeyusha makopo ishirini ya zamani. Tena alumini haichoki. Leo ni kopo, kesho sufuria, keshokutwa ni kopo tena. Nikanyoosha mkono nikasema, "Baba yangu iko najua hayo tangu minye sijazaliwa." Walimu walicheka, lakini mimi nilijivuna mpaka nikakosa usingizi.

Unijibu upesi kuhusu sufuria.

Binti yako,
Alliance

---

Kalemie, 28 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Kila mashua inapotia nanga namtuma Aimé kumwuliza André, naye anarudi mikono mitupu na hajui aniambie nini.

Kama umezima tanuri, niambie tu. Kama umekasirika, niambie pia. Kunyamaza kwako nakujua tangu nilipoondoka, na ndiko kunakoniumiza kuliko maneno yako yote.

Mwanao,
Alliance

---

Uvira, Mulongwe, 17 Juni 2024

Binti yangu Alliance,

Nakusalimu sana, wewe na mwenzako na mjukuu wangu. Kikohozi chake kimepoa? Mpe maji ya moto yenye tangawizi.

Unisamehe. Siku gunia lilipofika niliyageuza makopo yako juani, moja moja. Chini ya kopo kuna tarehe ya mwisho wa kunywa, na ni mtu wa makopo tu anayeangalia huko. Wewe uliolewa Agosti 2018. Makopo yako yote yalisema 2024. Nilikasirika, nikasema mtoto huyu ananidanganya hata kwa takataka. Ndiyo maana niliuliza idadi ya watu. Ukaniandikia kuwa walikuwa wengi.

Nikamwendea Domitille. Akaniambia ukweli wote: mlikuwa watano, padri akiwemo, mkanywa chai, na haya makopo umeyaokota bandarini wiki nyingi. Wa kulaumiwa ni mimi. Ni mimi niliyeukataza ukoo wote kupanda mashua kuja kwako. Nilisema mtu wa mashua hana nyumba. Nilikaa na aibu hiyo, kalamu ikanishinda.

Jumapili ya juzi niliwaita wote uani, kila mmoja aje na kopo lake. Walikuja arobaini na mmoja. Domitille alisimama na kopo mkononi akasema, "Weye Sévère ulinikatalia kunywa kwa harusi ya mutoto. Leo minye nakunywa." Tukaimba nyimbo zako za harusi, miaka sita baadaye, bila bibi harusi. Nililia mbele ya watu na sijali.

Kesho yake tulimimina. Mkono mmoja ulikuwa wangu, mwingine wa Josée, maana mimi siuoni tena vizuri mdomo wa kisanduku cha mchanga tunamomiminia. Sufuria ni ya makopo ya ukoo. Kifuniko ni cha makopo yako ya bandarini. Hayo nayo ni mazuri, yangebaki huko yangeishia ziwani. Sasa Josée anajifunza kazi, kwa hiyo tanuri halizimwi. Hata Placide alikuja na koleo, tukatoa magunia manne ya makopo mferejini, na maji yanapita. Anadai wazo lilikuwa lake.

Sufuria simpi André. Barua hii inatangulia, mimi nitapanda mashua bandarini Kalundu Ijumaa ya wiki ijayo. Sijawahi kupanda mashua maishani mwangu. Mwambie Aimé asimame chini ya ngazi anishike mkono, maana maji siyaoni vizuri.

Mimi baba yako,
Sévère