Karatasi ya Kitabu cha Kuku

Isinya,
Jumamosi, 23 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua ndugu yangu Njogu akikusomea hapo utaitikia kwanza, kwa hivyo nangoja umalize. Goti linaendeleaje na baridi ya Ol Kalou? Ule mkono uliokuwa unakufa ganzi, sasa unashika kikombe? Msalimie bibi ya Njogu na watoto wote watatu. Mimi mwili uko sawa. Niko na kuku mia sita na kumi na wawili. Wanne walikufa wiki hii, waliobaki wanataga.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu umenikatia mara mbili. Ulisema ya harusi yameisha, aliyeharibu tumemjua, na nisimtaje tena mbele yako. Lakini leo ndiyo ile tarehe, Mama. Saa hii ni saa nne na nusu. Padre Maundu angekuwa ameanza mahubiri, na wewe ungekuwa benchi ya mbele na kitambaa cha bluu. Mimi niko kwa banda nimekalia ndoo.

Wacha nianze mwanzo, kwa sababu uliambiwa nusu. Unajua nilikuja huku Isinya na mifuko miwili na sikubebwa na mtu. Kufika miaka arobaini na tatu, watu wa jumuiya yetu ya kanisa walikuwa wananiita Mama Kuku, wakiniuliza kwa mzaha kama nitaolewa na jogoo. Saning'o alipokuja kuniuliza mambo ya chanjo ya mbuzi akarudi Jumanne, akarudi Alhamisi, nilijua. Alikuwa na miaka arobaini na nane, mpole, na alisema hana mtu. Hata wewe ulimpenda, ukasema Mmasai huyu anakula kama Mkikuyu.

Tulisoma mafundisho ya ndoa wiki kumi na mbili. Kikabaki kitu kimoja tu, cheti chake cha ubatizo. Alikuwa na cha zamani, cha mwaka wa 2008, lakini Padre alitaka kipya, kisichozidi miezi sita. Saning'o kila wiki anasema ataenda Kajiado alikobatizwa, kila wiki mbuzi ni wagonjwa. Padre akanihurumia, akaanza kututangaza kanisani, Jumapili tatu ili mwenye pingamizi aseme, huku tukikitafuta. Jumapili ya kwanza tulitangazwa tarehe 27 Oktoba. Wanawake walipiga vigelegele mpaka Padre akawaambia bado wiki nne, wasimalize sauti.

Unanijua, siwezi kungoja. Jumatano nilienda Kajiado mwenyewe. Katekista, mzee anayeitwa Saruni, alifungua kile kitabu kikubwa cha ubatizo, akapata jina. Halafu akageuza kitabu nione mwenyewe. Mama, mimi sikujua kwamba Kanisa likikufungisha ndoa popote, linatuma habari parokia uliyobatizwa, na wanaiandika pembeni mwa jina lako. Pembeni mwa jina la Saning'o kumeandikwa: alifunga ndoa na Naipanoi, tarehe 14 Aprili 2012. Nikauliza kama huyo mama alifariki, Mungu anisamehe vile niliuliza kwa matumaini. Mzee Saruni akasema Jumapili alikuwa kwenye kwaya anaimba sauti ya pili.

Nilipomuuliza Saning'o hakukataa. Alisema mtoto wao mmoja alikufa, nyumba ikawa kimya, akaondoka, na wazee wa kwao Kimuka wakawaachanisha miaka tisa iliyopita. Yeye alidhani hiyo imetosha. Nikamwambia kitabu cha Kanisa hakijui wazee wa Kimuka. Ombi la kubatilisha ndoa kama hiyo, nilivyoambiwa, ni miaka, na mwisho unaweza kukataliwa. Hata serikalini hatungeweza, huko pia bado ni mume wa mtu. Mimi nahesabu haraka: miaka mitatu niko arobaini na sita, na huenda bado niko mikono mitupu.

Sasa sikiza nilichofanya. Nilichukua kile cheti cha 2008 nikakipeleka kwa Padre. Nikamwambia kile kitabu cha Kajiado kinashonwa upya, hawatoi vyeti. Hakuuliza swali. Miaka kumi na moja mimi ni mwenyekiti wa jumuiya, neno langu kwake ni kama muhuri. Jumapili ya pili tukatangazwa. Nikaangalia mabenchi, nikitamani mtu mmoja asimame. Wote walikuwa wananichekea.

Wiki ileile nilirudi Kajiado kumwona Naipanoi. Nilitaka anitukane, ingenisaidia. Yeye akanisalimia, takwenya, nikaitikia, iko, akanipikia chai ya maziwa bila kuniuliza nimetoka wapi. Alikuwa amesikia habari za harusi. Alisema wazee waliongea, yeye hakuongea, na hakuna aliyemuuliza. Halafu akaniuliza kama Saning'o bado anakohoa alfajiri. Hiyo tu, Mama. Nikamaliza chai, nikarudi nyumbani.

Ya Jumapili ya tatu unayajua. Padre hakututangaza. Alituita ofisini, akasema ameletewa barua ya pingamizi isiyo na jina, amepiga simu Kajiado, na ni kweli. Njogu alikuja akaomba kuiona. Akaona herufi kubwa kubwa, akageuza, nyuma akaona safu za hesabu ya mayai na kuku waliokufa. Akajua imechanwa kwa kitabu changu cha kuku. Na Shiro, mdogo wetu, alikuwa amelala kwangu wiki nzima, na alikuwa amenuna kwa sababu sikumweka kwa kamati ya harusi. Ukajumlisha. Ukamwambia binti yako wa mwisho asikanyage kwako tena, na hata Krismasi usimwone.

Mama, hesabu yako ilikosea. Shiro hajui hata kitabu hicho nakiweka wapi. Ni mimi niliyeandika. Nilikaa kwa meza ya nyumbani Alhamisi saa tisa mchana, Shiro akiwa nje anafua, nikatia barua kwa sanduku la sadaka ya maskini.

Utauliza kwa nini sikumwambia Padre kwa mdomo. Kwa sababu mdomo ungesema nilivyomdanganya. Na kwa sababu, nikianza kuongea, ningeomba, na Saning'o angeomba, na ningetafuta njia nyingine ya kuolewa. Najijua. Nikaona heri nizuiliwe kuliko nijizuie, watu waseme Mama Kuku alikatiziwa. Sikufikiria kwamba lazima pawe na aliyekatiza. Wiki mbili nimenyamaza mdogo wangu akibeba mzigo wangu, na alipolia kwa simu nilimwambia avumilie.

Saning'o amehama, hakuenda Kajiado. Simpigii. Kesho baada ya misa nitamwambia Padre yote, na uenyekiti wataondoa, sawa. Mimi sitarajii kingine. Lakini Shiro bado anaweza kurudi kwako, Mama. Njogu, msomee hapo tena, polepole, kisha umpe simu ampigie.

Jifunike vizuri usiku, na dawa usiziruke. Wasalimie majirani waliokuwa wameshonesha nguo. Waambie wazivae tu kanisani.

Mimi binti yako wa kwanza,
Mugure