Muchumba wa mwipwa wangu anapima moto chini ya mulima wetu

Mupendwa Mama Immaculée wa redio,

Mi si muntu wa kuomba musaada, ju toka Kazimia mpaka Minembwe ni batu ndio banaombaka musaada kwangu, na hata bakomanda ba hii vita, bakitaka kujua njia ama kisima ama nani iko mutoto wa nani, banatuma muntu aniite, na nikifika banasimama. Mi ndiye nilipandaka Minembwe kwa muguu asubui na nikashuka jioni na ng'ombe mbili, moja iko na mimba. Lakini hili jambo limenikatia usingizi, unishauri mbio, ju siku ya soko natakiwa kutoa jibu, na kwa jibu langu muntu anaweza kufa.

Mwipwa wangu Nadège, mutoto wa dada yangu marehemu, ameleta muchumba. Anaitwa Anatole, alisomea Lubumbashi mambo ya maji na moto ya chini ya udongo. Sasa kwetu kuko mulima (jina lake nimeliondoa. Immaculée) wenye kutoa maji ya moto, bamama bakizaa banaenda kuogea pale, ukitia muhogo unaiva, na siku moja mbuzi yangu aliangukamo, tulimutoa akiwa tayari kwa sahani, alikosa chumvi tu. Huyu Anatole anataka kujua ule moto unakaa wapi, lakini hachimbe, hana jembe, hana hata fimbo. Iko na ordinatere, ile mashini ya kufunga kama valizi ya nguo, inakula batri ya motokari, na ndani yake ametengeneza mulima wetu muzima, tumbo wazi kama samaki kwa meza, penye baridi ni buluu, penye moto ni nyekundu. Anaiambia mvua inaingia huku, jiwe limepasuka huku, moto iko huku, kisha mashini inahesabu mpaka batri inazima, inamuambia maji itatoka juu na joto gani.

Nilimuuliza, "Na ukishajua, utafanya nini nayo?"

Akanijibu, "Mujomba, siku vita itaisha, tutoboe pahali pamoja tu, mvuke uzungushe mashini ya umeme, hopitali ya Baraka iwake taa. Lakini tukivuta maji mingi kupita yenye inaingia, chungu kitapoa. Ndio maana nahesabu mbele."

Mama, we ulishaona wapi muntu anahesabu taa wakati batu banakimbilia ng'ambo ya ziwa na magodoro kichwani? Mi niliishi Lulimba kwa badiba dhahabu, mi ndiye nilibaonyesha jiwe la kwanza, na muntu mwenye anatafuta kitu namujua: hakitaji jina lake. Na ile nyekundu yake, angalia, imelala palepale chini ya makaburi ya bababu zetu.

Kisha akanipa termometre ya kupima joto mu mikono yangu, kwa heshima, siwezi kukatala. "Mujomba, we ndiye mwenye mulima, unipimie pale maji inatokea, ju mulima wa mu mashini lazima ufanane na wa kweli." Nikamupa namba. Akaiingiza. Mashini ikakatala. Akakuna kichwa, akasema, "Namba yako inanisumbua, Mujomba. Ili maji itoke na joto hii, lazima kuwe na ufa mukubwa kule juu, wenye mi sijauona." Na toka pale anapanda kila asubui, anagonga mawe, anachungulia mu majani, na kule juu, Mama, ndiko basoda ba komanda moja bameweka bunduki yao kubwa.

Nikamuambia Nadège, "Mashini yenye kukatala neno la mujomba wako iko na siri."

Huyo mutoto mukosa adabu akanijibu, "Mujomba, pengine neno ndilo liko na siri."

Sasa komanda wa kule juu ameniita. Mbele ya batu yote ananiambia, "Muzee, we unasemaka unajua kila jiwe ya huu mulima. Huyu wa valizi anatafuta nini kwa bunduki yangu? Siku ya soko uniambie neno moja, muntu muzuri ama mubaya, na mi nitajua cha kufanya." Nikisema muzuri, na kumbe anatuuza, kijiji kitaungua na nyumba yangu itakuwa ya kwanza. Nikisema mubaya, Nadège atavaa nyeusi kabla hajavaa nyeupe. Nikinyamaza, batu batasema kumbe sijui. Nifanye je?

Kuko na neno moja ingine, dogo, hata sijui kama unalihitaji. Ile termometre haikufika mulimani. Magoti yangu, toka vita ya kwanza, hayapandi hata ngazi ya kanisa, na sikutaka mukwe ajue. Bibi yangu Dorothée, mwenye anaendaka kule kuoga mugongo, aliniletea yale maji mu bido, dumu la plastiki, ikafika imepoa, basi nikaiweka mu chungu kwa mbabula, jiko letu la makaa, nikachochea makaa mpaka maji ikarudia ile joto naikumbuka ya ujana wangu, ndipo nikapima.

Ni mi, Mujomba Raphaël, Baraka


Mujomba Raphaël,

Jibu hili linakuja kwako kwanza kwa mkono wa mwenye boti. Redioni nitalisoma siku kijana atakuwa mbali, na majina yenu nitayageuza yote. Wewe umeandika jina la mlima, jina la kijana na mahali pa bunduki kwenye karatasi moja, halafu ukaipitisha kwenye vizuizi vyote vya barabara hadi kwangu. Usirudie tena.

Sikulaumu kwa kushuku. Miaka hii, wengi waliokuja kwetu kupima walirudi kuchukua. Una haki ya kumuuliza Anatole ni nani alimpa mashini, ni nani ataiona hiyo picha, na makaburi yatakuwaje siku ya kutoboa. Umuulize nyumbani, mbele ya Nadège na ugali wa bukari mezani, kama mjomba anavyomuuliza mkwe, naye ajibu.

Lakini mashini haikukataa neno lako, Mujomba. Ilikataa chungu chako cha mbabula. Kijana aliamini namba uliyompa, akaenda kutafuta ufa unaolingana nayo, na ufa huo haupo isipokuwa kwenye makaa yako. Wewe ndiye uliyempandisha mbele ya bunduki, kisha unaniuliza mimi kama yeye ni mpelelezi. Labda ni mtu mbaya, mimi simjui. Basi awe mbaya kwa matendo yake mwenyewe.

Sasa sikiliza. Leo hii, kabla hujala, umwambie Anatole habari ya magoti na ya bido. Asipande tena hata hatua moja. Boti ya kwanza ya wavuvi wa ndagala inayokwenda Kazimia, yeye na Nadège waingie, na ile valizi ilale chini ya magunia. Boti ikishaondoka, ndipo wewe uende kwa komanda. Usingoje soko. Usimpe lile neno moja analolitaka. Umwambie hivi, mbele ya watu walewale: "Kijana alitafuta kitu nilichomwambia mimi, na hakipo, kwa sababu nilipima maji nyumbani kwangu."

Watakucheka. Watakuigiza unavyochochea makaa, na habari ya ng'ombe wa Minembwe haitaaminiwa tena Baraka yote. Uwaache wacheke mpaka washibe. Komanda akiuliza kwa nini hukupanda mwenyewe, mwonyeshe magoti.

Na termometre umpe Dorothée. Yeye ndiye anayefika kwenye maji.

Immaculée