Rimu la Kigango Limelala Uwanjani Kwangu

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu haujaondoka Maguu tangu asubuhi, na baridi hii si ya mchezo. Nimevaa makoti mawili na bado natetemeka.

Majirani wanachuma kahawa. Harufu ya maganda inanifikia mpaka jikoni. Mimi sichumi kitu mwaka huu, kwa sababu mibuni yetu ya kando ya barabara niliing'oa kwa mikono yangu.

Ngoja niandike yote, labda kifua kitapungua uzito.

Mwaka jana nilisoma kwenye simu kwamba viwanda vya chuma vinavyoyeyusha taka za viwandani vitapewa nafuu ya kodi. Moyo uliniruka! Baba Mdogo, aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, akaitisha kikao cha ukoo, nikawasomea. Nikasema kiwanda kikipunguziwa kodi kitatafuta skrepa, yaani vyuma chakavu, mpaka huku milimani, kwa hiyo tuwe na uwanja wa kurundikia, lori lipate pa kugeuzia. Kwetu ni kilima juu ya kilima. Sehemu tambarare ilikuwa moja tu, shamba la kahawa la marehemu baba. Wakakubali. Nani angembishia binti aliyesoma Songea?

Sasa uwanja umejaa. Springi za malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka, mashine mbovu za kumenyea kahawa, majembe yaliyolika mpaka yakabaki kama vijiko. Watu wameniachia kwa imani tu: lori likija, ndipo walipwe.

Lori haliji.

Jumatatu nilimpigia mnunuzi wa kiwanda. Akanieleza polepole, kama anamfundisha mtoto. Nafuu ile ni ya taka za kiwandani kweli kweli, yaani magamba ya chuma na vumbi la tanuru lao wenyewe, wanalolirudisha kuyeyushwa. Jembe bovu la Maguu halimo. "Kufuata skrepa huko kwenu ni hasara tupu, dada yangu," akasema.

Nilisoma kichwa cha habari na aya ya kwanza. Basi! Nikang'oa shamba.

Sijamwambia mtu. Kila nikitaka kufungua mdomo, mtu anaingia na chuma kingine begani, ananiita binti yetu, anashukuru. Sina pa kutokea. Vyuma hivi nivipeleke wapi? Na visipoondoka, mche wa kahawa nitaupanda wapi?

Leo ndio wamenimaliza kabisa. Katekista wa kigango chetu amekuja na rimu la lori, lile lililokuwa likining'inia nje ya kanisa, likituita kwenye sala tangu sijazaliwa. Wamepata kengele mpya, na rimu wanataka liuzwe ili waongezee bati za paa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akalilaza juu ya rundo, akanibariki, akaenda zake.

Nikaokota nondo nikaligonga mara moja. Sijui kwa nini, hasira labda. Huku kwetu rimu likilia nje ya saa ya sala ni msiba au moto, na kila mtu huacha alichoshika akaja. Kutoka ng'ambo ya bonde Baba Mdogo akapaza sauti: "Kuna nini huko, mwanangu?"

"Hakuna kitu, baba!" nikajibu. "Najaribu tu!"

Mwoga mkubwa mimi.

Nimekaa na hilo jibu mchana kutwa. Ila nondo nimeiegemeza mlangoni, nisije nikajisingizia kwamba sijui iko wapi. Kesho watu wakitoka kwenye sala nitaligonga lile rimu, na sitaacha mpaka uwanja ujae watu. Baba Mdogo atafika wa kwanza, namjua, akihema, na ataniuliza tena kuna nini.

Nitamjibu.