Kijivu Hadi Kiunoni

Dodoma,
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mara ya mwisho uliniambia la kushoto linakubali kupanda kutoka kisimani ila la kulia linagoma. Nilicheka kwenye simu, lakini tulipokata sikucheka tena. Na yule mbuzi mwenye pembe moja, bado anaingia kanisani wakati wa mahubiri? Mimi ni mzima. Nakula, nafanya kazi, na kikohozi cha vumbi la msasa kinakuja na kuondoka kinavyotaka chenyewe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako siku hizi inapokelewa na Magesa, naye huweka sauti ya juu na kukujibia kabla hujafungua mdomo. Mdogo wangu huyo nampenda, ila hapo amenishinda. Kwa hiyo nimeandika, nikamtumia katekista kwa basi na kumwomba akukabidhi mkononi. Wewe unasoma masomo kigangoni bila kukwama, hutashindwa na mwandiko wangu. Isome kabla ya Ijumaa. Magesa ameniambia Ijumaa ndiyo mnakwenda ofisi ya kijiji kutia sahihi, shamba na nyumba ya Buswahili vichukuliwe na yule mnunuzi, na fedha hizo zinunue nyumba ya Nyasura, pale Bunda mjini.

Sikatai wewe kuhamia Bunda. Maji ya bomba uani, hospitali karibu, kanisa unafika kwa miguu hata na hilo goti linalogoma. Magesa hakukosea kuliwaza hilo. Kinachonichefua ni nyumba yenyewe.

Unajua napaka rangi, ila sijawahi kukueleza ninachopaka. Napaka kijivu. Nilipoanza ufundi, kila nyumba ilikuwa na uso wake. Huyu anataka rangi ya samli, yule kijani cha ndizi mbichi, na mzee mmoja aling'ang'ania damu ya mzee ndani na nje mpaka mkewe akahamia chumba cha watoto. Tulikuwa tunawacheka, lakini ulijua unamfanyia kazi mtu. Sasa nyumba zinajengwa ziuzwe, anayejenga hataishi humo, na rangi anachagua dalali. Basi ni kijivu ukutani, kijivu kilichokolea nyuma ya tivii, jipsamu juu, na taa za buluu kama za baa. Nikirudi nyumbani nikinawa, maji ya beseni ni ya kijivu. Likizo iliyopita nilipita Musoma, pale Iringo, nikaitafuta ile nyumba ya njano ya fundi cherehani tuliyokuwa tunaelekezea watu. Nayo wameipaka kijivu, na bango la "Inauzwa" juu yake. Nilisikia kinyaa, mama, kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji.

Lakini kwa rangi peke yake nisingekuandikia. Kila mtu na macho yake. Ubaya uko chini ya rangi.

Unakumbuka tulivyokuwa tunasiriba nyumba, wewe na samadi na majivu na ule udongo mwekundu, mimi na ndoo ya maji. Kabla ya kupaka mara ya pili uliniuliza kama pamekauka, nami kwa kutaka kwenda kucheza nilisema ndiyo. Hukubishana. Uliweka kiganja ukutani ukakiacha hapo, kama unayempima mtoto homa. Kikitoka na unyevu, ulikipangusa kwenye gauni langu.

"Hii bado inalia," ulisema. "Sasa utatembeaga na hilo doa mpaka jioni, watu waone ulivyo mwongo."

Nilikuwa nachukia sana. Nilitumwa dukani na doa langu, nikarudi nalo, na kila mama niliyekutana naye njiani alijua nimefanya nini, kwa maana na wao walifanyiwa hivyo na mama zao. Sikujua kwamba ungefika wakati nitakihitaji kile kiganja na kisiwepo.

Kabla ya mvua zilizopita, bosi wangu wa hapa alikuwa na nyumba ya kuuza. Chumba kikubwa kimepakana na bafu, na bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta. Chini palikuwa pametoa chumvi, na nyuma ya mlango pana ukungu mweusi unaonuka kama soksi ya mgonjwa. Nilimwambia huu ukuta ubomolewe, bomba litengenezwe, pakauke, ndipo tupake. Akasema mteja anakuja Jumamosi.

"Kwangua, piga skimu, halafu paka kijivu cha mafuta kilichokolea mpaka kiunoni," akasema. "Zungusha chumba chote, waone ni fasheni."

Nikafanya. Sitakudanganya kwamba nilibisha sana. Nilikwangua, nikaficha kwa skimu, ile lipu laini ya juu, nikazungusha, na pakapendeza. Mteja alikuwa muuguzi aliyestaafu. Alipapasa ukuta ule ule akasema rangi hii inatuliza moyo. Mimi nikaendelea kukusanya brashi zangu.

Mvua zilipokwisha bosi alinituma nikarudie chumba kwa sababu kimeanza kubabuka. Mama, rangi ilikuwa imetuna nyuma ya kitanda. Nilibonyeza kwa kidole ikapasuka, maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko changu, na harufu yake niliikumbuka. Godoro limeota ukungu upande wa ukutani. Yule mama muuguzi amenichemshia chai ya tangawizi, ameniwekea na mihogo ya kukaanga, amekaa kwenye ndoo anakohoa. Akaniuliza, "Fundi, mwanangu, hebu niambie, nimekosea wapi? Au ni kwa vile nafunga madirisha nikilala?"

Nilikunywa chai yake. Nikamwambia afungue madirisha. Halafu nikapaka tena. Nikatoka pale na nguo safi, hakuna doa hata moja, na tangu siku hiyo nikiiona sura yangu kwenye kioo natamani kutema mate.

Sasa sikia kuhusu Nyasura. Magesa amenitumia picha, na ujumbe wa sauti wenye furaha tele. "Dada, nyumba imekaa kisasa kabisa. Dalali anasemaga kijivu ndiyo rangi ya watu wenye akili." Nikafungua picha. Sebule ni kijivu, na kilichokolea kinaanzia chini mpaka kiunoni. Nikasema haya, ni fasheni. Chumba chako wewe, vivyo hivyo. Jiko, vivyo hivyo. Halafu Magesa kwa kujisifu akapiga picha ndani ya kabati la ukutani, nione lilivyo kubwa. Na humo ndani, mama, mpaka kiunoni, kijivu kile kile. Ni nani anapaka fasheni ndani ya kabati, mahali pa kuweka makanga? Anayepaka humo anaficha kitu. Najua, kwa sababu na mimi nilipaka.

Labda nimekosea. Picha ni picha, na huenda fundi alibakiwa na rangi tu. Lakini shamba likiuzwa halirudi, na kifua chako sicho cha kulalia ukuta wenye maji. Kwa hiyo usitie sahihi Ijumaa. Mwambie Magesa akupeleke Nyasura kwanza. Dalali akianza kusimulia habari za tivii mwache asimulie. Wewe fungua kabati, chuchumaa kadiri magoti yatakavyokuruhusu, weka kiganja kwenye kijivu, ukiache hapo mpaka utosheke. Kikitoka kikavu, hama, nami nitakuja kukupakia rangi unayoitaka.

Msalimie wifi yangu, mke wa Magesa, mwambie kitambaa cha kitanda nimekipata. Msalimie mama mdogo anayeuza dagaa pale Butiama, na bibi jirani aliyenifundisha kusuka mikeka nikashindwa. Katekista mpe jogoo mmoja, amehangaika.

Mimi kesho asubuhi nakwenda kwa yule muuguzi kumwambia kuhusu bomba. Bosi akisikia atanifukuza, kwa hiyo usishtuke ukiniona nyumbani kabla ya Krismasi.

Na kama kiganja kitatoka na maji huko Nyasura, usigombane na mtu. Kipangushe kwenye shati la Magesa, atembee nalo kutoka Nyasura mpaka Buswahili. Ukimaliza, usikioshe haraka. Nitakuja na gauni jeupe, unipanguse na mimi.

Ni mimi mwanao uliyemfundisha kusiriba,
Nyangeta