Ulisema, Mama Neema, Nami Sikusikia

Mama Neema wangu,

Wanasema umeanza kuketi kitandani na kunywa uji, na kitoto kinanyonya. Ningepaswa kufurahi. Lakini tangu nikuache hospitali nirudi huku Muheto kwa watoto, hofu haijanitoka. Mdomo wangu haujui kuieleza, ndiyo maana dada yako Furaha anakuletea karatasi hii.

Unakumbuka Neema alipozaliwa? Jasho lilikuwa bado usoni, ukacheka: "Papa, iko na masikio yako." Baraka naye alikuja bila shida, tukadhani kuzaa ni jambo jepesi. Kisha akaja Amani. Tulikubeba kwa tipoy, kile kitanda cha miti, wanaume wanne, mvua inanyesha, barabara ya Ngungu matope mpaka magotini. Damu yako ilinidondokea begani. Nilikuita jina lako la usichana, hukuitika. Hospitali wakakupasua, ukapona. Tulimshukuru Mungu kanisani, na hatukulizungumza tena. Nilidhani tukinyamaza, limekwisha.

Halafu ile siku ya maharagi. Amani mgongoni, jembe mkononi, ukaniambia, "Papa Neema, niko na neno. Muganga wa hospitali alisema..."

Sikukuacha umalize. "Mambo ya banamuke, zungumuza na mama yangu."

Ukainama, ukaendelea kupalilia. Miezi michache baadaye tumbo likaonekana, nami nikajisifu mbele ya wenzangu.

Juma lile uliposhikwa na maumivu kabla ya wakati, muuguzi alinivuta kando. "Papa, bibi yako tulimupasua juzi juzi tu. Tulimuambia apumuzike miaka miwili mbele ya mimba ingine. Hamukuzungumuza?"

Nikajibu kwamba sikuambiwa. Furaha alikuwa amesimama na vitenge vyako mkononi. Alinitazama machoni. "Shemeji, alikuambia. Haukusikia."

Lile kovu la zamani lilikuwa limeanza kufunguka. Walikuingiza, mlango ukafungwa, nikakaa chini sakafuni. Kila mtu alipotoka na ndoo nilifumba macho. Nilijaribu kutafuta maneno ya kumwambia Neema kwamba mama yake hayupo tena, sikuyapata. Walipotaka damu nilinyoosha mkono upesi, lakini nilijua nimechelewa sana.

Uko hai, na bado naogopa. Naogopa siku utakayorudi. Naogopa kulala kando yako, mimi niliyekaribia kukuua kwa kutosikiliza. Zaidi ya yote naogopa kwamba utaingia mlangoni, tutapika, tutalima, tutanyamaza kama zamani.

Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda kituo cha afya cha hapa, nikamuuliza muuguzi wa pale njia zote za kupanga uzazi: sindano, kijiti cha mkononi, hata mipira ya sisi wanaume. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka. Masikio yalinichoma, lakini sikutoka. Baadaye mmoja wao alinifuata njiani, sasa hacheki.

"Kaka, bibi yangu analia nikimukaribia. Nitamuuliza namna gani?"

Nilimwambia tu, "Muulize, kisha unyamaze."

Sasa kuna jambo lingine, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Kabla sijaondoka hospitali, daktari alinipa karatasi ya kufunga kizazi. Alisema mimba nyingine inaweza kukuondoa kabisa, akanionyesha mahali pa kutia sahihi. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilitaka kuandika upesi, ili hofu yangu iishe. Lakini nikairudisha. "Daktari, mwenyewe iko muzima. Mumuulize yeye kwanza." Mama yangu naye anasema watoto wanne ni wachache. Nimemwambia kwa heshima kwamba shauri hili ni letu wawili.

Nitakuja Jumamosi kwa moto, ile pikipiki ya kukodi, barabara ikiruhusu. Sitaki unijibu kwa kunihurumia, wala kwa kumwogopa mama. Ukisema ndiyo kwa ile karatasi ya daktari, nitaweka jina langu chini ya lako. Ukisema hapana, nitakuuliza kwa nini, na safari hii nitakusikiliza mpaka mwisho.

Baki na Mungu mpaka nifike.

Mume wako,
Papa Neema