Kiti cha Mfalme Charles

Aldercombe,
Jumanne, wiki ya pili ya Novemba

Mwanangu Maureen,

Pokea salamu za mama yako, na natumaini hicho kifua kimekuachia. Kama bado, chemsha vitunguu unywe maji yake, wala usinibishie. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisema nikipanda ngazi. Mjukuu wangu Josie mwambie soksi zake nimemaliza kuzifuma. Moja imekuwa ndefu kidogo, avae hivyo hivyo.

Uliuliza hali ya baba yako. Jina langu limemtoka tangu Septemba. Wafalme hawajamtoka hata mmoja. Atakutajia kuanzia William Mshindi mpaka malkia tuliye naye, nani alikatwa kichwa, nani kazikwa wapi, kisha aniulize choo kiko upande gani, katika nyumba aliyoishi miaka arobaini na mitatu. Mwezi uliopita kijana anayewatembeza wageni kule kwenye jumba la kale ninakofanyia usafi alisema Henry wa Nane alioa wake wanane. Baba yako akamkatiza mbele ya basi zima la watu: "Sita, mwanangu! Nane ni namba yake yeye. Ungemwongezea wawili angekufa mapema!" Watu walicheka mpaka kijana akaiva uso.

Lakini wiki ile ile alifungulia gesi bila kuiwasha, akaenda kulala. Ndipo ukaleta fomu ya makao ya wazee. Hukukosea, na sikukasirika.

Sasa, Alhamisi iliyopita tulikuwa tunalaza jumba. Wageni wameshakoma, kwa hiyo tunafunga madirisha, tunapangusa kila kitu kwa brashi laini na kukifunika shuka jeupe mpaka wageni warudi mwakani. Nilikwenda na baba yako, maana siwezi tena kumwacha peke yake. Alinishikia ncha za shuka huku akinikosoa kwamba namfunika Malkia Anne kama ninayefunika unga wa mkate. Ilikuwa picha tu, lakini nikamwomba radhi.

Maureen, kuna jambo nilikuficha. Uliponiuliza kwenye simu kama fomu nimeijaza, nilisema kalamu imepotea. Uongo. Nilikuwa nimeshaisaini, imo mfukoni mwa aproni, na siku ile nilimpeleka baba yako akaliage jumba. Kile kiti wanachosema alikikalia Charles wa Kwanza, kile tunachokiwekea ua kavu la miiba ili mtu asithubutu kukaa, amekitazama miaka thelathini na moja kama mtoto atazamavyo keki, na miaka yote nimemwambia gusa uone. Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nikaliondoa ua, nikamwambia kaa.

Akakaa. Hakutaja mfalme hata mmoja. Alinivuta mkono, akaninong'oneza: "Mama, usimwambie mke wangu. Anafanya kazi humu, na ni mkali kama nyigu. Alizaliwa kwenye boti la mfereji, shule hakuiona. Nilimfundisha kusoma mimi, kwa majina ya wafalme, miezi mitatu tu akawa ananisahihisha. Hujaona kichwa kama kile." Nikamuuliza, je, mkeo akikusahau hapa? Akanicheka kabisa. Akasema labda simjui mke wake.

Fomu nimeichana. Gesi naijua, usinikumbushe. Fundi anakuja kesho kutuwekea jiko la umeme. Najua pia itafika siku nisimuweze, na siku hiyo nitakwambia kwa kinywa changu. Kwa sasa nataka Jumamosi zako. Njoo asubuhi, ukae naye mpaka jioni, mimi nilale. Nimechoka, mwanangu. Atakuuliza wewe nani. Mwambie bila kulia, kisha muulize habari za Richard wa Tatu, utakuwa umepata rafiki.

Nisalimie mumeo, na Josie mbusu mashavu yote mawili. Nilimwambia baba yako kwamba namwandikia Maureen. Akasema nikupe salamu zake nyingi, yeyote uwaye, na uvae sweta.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Ada